Kamba Kabla ya Ukuta

Kiwanja chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba duka la Mangi na stoo yake visingeenea humo. Kilikuwa Nagoya, mji wa Japani nilikokuwa masomoni, kwenye njia niliyopita kila asubuhi kwenda stesheni, kimebanwa kati ya nyumba mbili. Kwa wiki kadhaa palikuwa na majani tu na bango la mjenzi. Jumamosi moja nikakuta majani yamefyekwa na mianzi minne imesimamishwa katikati, mibichi, bado na majani yake, imezungushiwa kamba. Kwenye kamba zinaning'inia karatasi nyeupe zilizokatwa zigizaga. Ndani ya mianzi kuna meza yenye samaki mzima, mchele, chumvi, maji, pombe ya mchele, mboga na matunda. Mbele ya meza kuna kichuguu cha mchanga kilichochomekwa majani machache kileleni, kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa akaachwa denge.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kwa kazi yangu kiwanja ni mita za mraba, aina ya udongo na idadi ya mifuko ya saruji. Nikasimama kutazama.

Walikuwepo kuhani wa Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, aliyevaa kanzu pana na kofia nyeusi, mume na mke wenye mtoto mchanga, na wanaume wawili wa kampuni ya ujenzi. Kuhani aliomba kwa sauti ya kuvuta, akaenda kona moja baada ya nyingine akinyunyiza. Kisha mume akapewa jembe la mbao, akaugusa mchanga mara tatu, na kila mara akitoa sauti: ei! ei! ei! Mtu wa kampuni naye akafanya hivyo hivyo kwa sepetu. Wakainama, wakanywa funda la pombe, wakapiga picha. Haikuzidi nusu saa.

Sherehe hii inaitwa jichinsai, yaani kuituliza ardhi. Kabla ya kuchimba, mwenye ardhi wa tangu zamani, yule asiyeonekana, anaombwa radhi na ruhusa. Wajapani humwita kami. Nikisema "mungu" nitakuwa nimezidisha, nikisema "mzimu" nitakuwa nimepunguza, kwa hiyo tumwache na jina lake. Sherehe hufanywa kwa vibanda na kwa maghorofa marefu pia, na kwenye miradi mikubwa kila mtu ana zana yake: msanifu hushika mundu, mwenye jengo jembe, mkandarasi sepetu. Mara nyingi kuhani huacha kisanduku kidogo kilichofungwa ili kifukiwe chini ya msingi. Hapo nilicheka peke yangu barabarani. Bibi yangu wa Pangani angekielewa kisanduku kile bila kufasiriwa. Angesema: hilo ni fingo, wanaizindika nyumba.

Lakini kilichonikaa kichwani ni jambo dogo zaidi. Upepo ulipeperusha kofia ya mmoja wa wale wa kampuni, ikaangukia nje ya kamba, hatua mbili tu kutoka aliposimama. Kamba ilikuwa usawa wa kifua. Mbuzi angepita chini yake bila kuinama. Yule bwana hakuinama wala hakunyoosha mkono. Alizunguka hadi upande ulioachwa wazi wa kuingilia, akatoka, akaifuata kofia, akarudi kwa njia ile ile. Siku hiyo nililala nikifikiri kwamba nimeona nyumba imekamilika. Ina kona nne, ina mlango, na wenyewe wanaiheshimu. Kilichobaki ni ukuta na paa, vitu ambavyo mimi hulipwa kuvihesabu.

Kamba ile inaitwa shimenawa. Husokotwa kwa mabua ya mpunga, na kwa kawaida husokotwa kushoto, kinyume na kamba ya kufungia mizigo. Ukiijua utaiona kila mahali: kwenye malango ya mahekalu, kwenye shina la mti mkongwe, hata kwenye jabali lililo katikati ya maji. Hadithi yake imo katika maandishi ya mwaka 712. Amaterasu, kami wa jua, alikasirika akajifungia pangoni na dunia ikawa giza. Kami wengine wakawakusanya majogoo wawike, mmoja akacheza ngoma ya kuchekesha mpaka wote wakaangua kicheko. Amaterasu akachungulia kuona kuna nini, akavutwa nje. Na nyuma yake, mbele ya mdomo wa pango, mmoja wao akatandaza kamba: usirudi tena ndani zaidi ya hapa. Hawakuweka jiwe wala hawakutia komeo. Kami wa jua mwenyewe alizuiwa kwa kamba, na akatii.

Nimeisoma mijadala mingi kuhusu usanifu wa Kijapani, na mingi hukimbilia neno "ma". Waandishi wa majarida ya mapambo wamelichosha neno hilo masikini. Kwa fundi lina maana nyepesi: nafasi kati ya kitu na kitu. Huandikwa kwa kuchora lango lenye jua katikati ya mbao zake mbili. Alama hiyo hiyo ikisomwa "ken" inakuwa kipimo cha seremala, nafasi kati ya nguzo na nguzo, kama mita 1.8. Mpiga ngoma naye hulitumia kwa kile kimya kati ya pigo na pigo. Kwa hiyo seremala anapopima, anaanza na uwazi, nguzo inafuata.

Nyumba niliyopanga chumba ilikuwa ya bibi mmoja mjane, ya mbao, ya zamani kidogo. Pale ndipo niliposomeshwa, tena kwa aibu. Mlangoni kuna kipande cha sakafu kilicho chini, genkan, usawa wa barabara. Viatu huishia hapo. Kisha unapanda kidato kimoja kirefu cha mbao, na sasa umo. Wajapani hawasemi "ingia" hapo, husema "panda". Mgeni naye anapopanda husema maneno ambayo tafsiri yake ni "nakuja kukusumbua". Sisi tunapiga hodi tukiwa nje. Wao wanaweza kuwa wameshaufungua mlango na kusimama kwenye genkan wakiita, kwa sababu kwao pale bado ni nje. Mpaka wa nyumba hauko mlangoni, uko kwenye kidato.

Baada ya kidato kuna kandambili za ukumbini. Ukifika chumba cha tatami unazivua, kwa sababu tatami hukanyagwa kwa soksi au mguu mtupu. Ukienda msalani unakuta kandambili nyingine zinakungojea huko huko, na hizo hazitoki nje ya choo. Wiki ya kwanza nilitoka nazo. Nilitembea ukumbi mzima, nikapita mbele ya bibi aliyekuwa na mgeni wake, nikawasalimia kwa kuinama kama nilivyofundishwa, miguuni nina kandambili za plastiki zilizoandikwa "choo". Bibi aliziba mdomo kwa kiganja. Mabega yalimtikisika muda mrefu. Mgeni alijifanya anatazama bustani.

Tatami ni mkeka mnene uliojazwa mabua ya mpunga, juu ukafunikwa kwa majani membamba yaliyofumwa yanayoitwa igusa, na pande ndefu zikapigwa utepe wa kitambaa. Chumba hakihesabiwi kwa mita, huhesabiwa kwa tatami: cha sita, cha nane, cha nne na nusu. Na tatami yenyewe hailingani nchi nzima. Ya Kyoto ni sentimita 191 kwa 95.5, ya Tokyo 176 kwa 88. Watu wa majumba ya mawe ya Lamu na Unguja wataelewa haraka, maana vyumba vyetu vile vyembamba na virefu vilipimwa na urefu wa boriti za mikoko. Kule boriti iliamua upana; huku mwili wa mtu aliyelala ndio ulioamua, kwa sababu mkeka mmoja unamtosha mtu mmoja kulala.

Bibi alinifundisha nisikanyage utepe wa kitambaa. Sababu nilizosikia ni nyingi na hazifanani: kitambaa huchakaa, zamani kilibeba nembo ya ukoo, ni adabu tu. Mimi ninachojua ni kilichotokea miguuni mwangu. Ukiwa unakwepa utepe, hatua zako zinafupika na unatazama chini. Huwezi kuingia chumba hicho kwa kishindo hata ukitaka. Halafu kuna mpangilio. Siku za kawaida tatami hupangwa ili kona nne zisikutane mahali pamoja. Zamani, kukiwa na msiba, zilitandikwa upya kwa mtindo mwingine. Kuta ni zile zile na nguzo ni zile zile, ila ukitazama chini tu unajua kwamba humu mna kilio.

Mwezi wa Novemba bibi akanichukua kwenye kikundi chake cha chai, ambayo Wajapani huinywa kwa sherehe yenye taratibu zake. Alikuwa amechagua Novemba kwa makusudi. Kuanzia mwezi huo hadi Aprili maji huchemshwa kwenye tanuri lililozama sakafuni, na tatami ya mahali pale hubadilishwa, huwekwa ile iliyokatwa tundu la mraba. Mwezi wa Mei tundu hufunikwa na jiko la juu hurudishwa. Chumba kina kalenda yake.

Hatukuanza chumbani. Tulianza bustanini, kwenye njia ya mawe yaliyotandazwa hatua kwa hatua, yamenyunyiziwa maji muda si mrefu. Mawe yalikuwa yamepishana makusudi, kwa hiyo kila hatua lazima uifikirie. Njia ilipogawanyika mara mbili, kwenye jiwe la mkono wa kushoto palikuwa na kijiwe ukubwa wa embe, kimefungwa kamba nyeusi msalaba, fundo juu. Nikamwangalia bibi. Akanionyesha kulia kwa kidevu. Kijiwe kile husema: huku hapapitiki. Nilikumbuka kofia ya yule mjenzi.

Mbele kidogo kuna bakuli la jiwe lenye maji, chini kabisa, lazima uchuchumae ili unawe na kusukutua. Kisha ndio mlango. Huo mlango! Ni tundu la mraba ukutani, kama sentimita 66 kwenda juu na 63 kwa upana. Unapiga magoti, unaweka ngumi mbili ndani, unaingiza kichwa, unajivuta kwa magoti, kisha unageuka na kuviegemeza viatu vyako ukutani kwa nje. Mimi ni mrefu. Niliinamisha kichwa vizuri nikasahau kuwa nina mgongo, nikagonga kizingiti cha juu kwa kishindo kilichomfanya kila mtu aulize kama niko salama, kwa sauti ya chini kabisa.

Inasimuliwa kwamba Sen no Rikyu, bwana wa chai wa karne ya 16, aliliona umbo hilo kwenye mashua za wavuvi, namna wanavyopenya kuingia chini ya kifuniko. Sijui kama ni kweli lakini naipenda kuliko maelezo mengine, pengine kwa sababu nimekulia Tanga. Kinachojulikana ni kwamba nje ya vyumba hivyo kulikuwa na rafu ya panga. Samurai aliliacha panga lake pale, maana hata angetaka asingepenya nalo kwa heshima. Bwana mkubwa na mfanyabiashara wote waliingia kwa magoti. Chumba pekee kilichosalia ambacho husemwa ni kazi ya Rikyu mwenyewe kinaitwa Tai-an, kiko Yamazaki, kati ya Kyoto na Osaka. Ukubwa wake ni tatami mbili. Mwenyeji anachukua moja, wageni moja. Rikyu alimtumikia Hideyoshi, mtawala wa nchi, yule yule aliyejitengenezea chumba cha chai cha dhahabu cha kubomoa na kuhama nacho. Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru ajiue, na watu wanabishana hadi leo kwa nini. Nikiwa nimepiga magoti nikipapasa mgongo nilipata dhana yangu, lakini haifai kuandikwa kwenye makala.

Tukiwa ndani, mgeni wa mwisho akausukuma mlango nyuma yetu. Hakuufunga kimya. Mwishoni aliuachia ugonge kidogo: tak. Bibi alinieleza baadaye kwamba sauti ile ni ya kumjulisha mwenyeji, aliyeko chumba cha nyuma, kwamba wageni wote wameshaingia. Hakuna aliyemwita wala aliyechungulia. Kwa mtu wa kazi yangu lile "tak" ni kitu cha ajabu, kwa sababu halimo kwenye mchoro wowote wala siwezi kuliwekea bei, na bila hilo mwenyeji hajui aanze lini.

Macho yangu yalichelewa kuzoea mwanga. Kwenye shubaka, ambalo wao huliita tokonoma, palikuwa na karatasi moja ya maandishi iliyoning'inizwa na ua moja kwenye kipande cha mwanzi. Kila mgeni alilisogelea kwa magoti, akainama mbele yake, akatazama, akarudi. Birika lilikuwa likinguruma pole pole. Karatasi ya dirisha ilikuwa na kivuli cha tawi. Nilijua kabisa kwamba chumba kile ni udongo, mianzi na karatasi, naweza kukukadiria gharama yake mchana mmoja. Na nilijua pia kwamba kama ningeingilia mlango wa kawaida, nikiwa nimesimama, nikitokea barabarani, ningekiona ni kibanda.

Ise, penye hekalu la Shinto, nilikwenda mwishoni mwa masomo. Kutoka Nagoya ni kama saa moja na nusu kwa treni ya haraka, na njiani unapita Tsu. Mji huo una kesi yake. Mwaka 1965 halmashauri ya jiji ilifanya jichinsai kwa ajili ya ukumbi wa michezo, ikamlipa kuhani na kununua sadaka kwa yeni 7,663 za walipa kodi. Diwani mmoja akashtaki, kwa sababu katiba inatenga dini na serikali. Kesi ilifika mahakama ya juu kabisa ya nchi, na mwaka 1977 majaji wengi wakaamua kwamba ile ni desturi ya ujenzi tu. Majaji watano walipinga. Nami nipo upande wa wale watano, ingawa si kwa sababu zao: nilimwona yule bwana na kofia yake. Hakuwa akifanya desturi tu.

Ise ni nyumbani kwa Amaterasu, yule wa pangoni. Unavuka daraja la mbao la Uji, lenye urefu wa mita 100 na ushee, kisha njia ya kokoto inayolia kila unapokanyaga, kisha unashuka mto Isuzu kunawa mikono. Mwishoni kuna ngazi za mawe, na kamera huishia chini ya ngazi. Juu kuna uzio, na langoni pazia jeupe. Nyuma ya uzio kuna uzio mwingine, na mwingine. Unainama mara mbili, unapiga makofi mara mbili, unainama tena. Umesafiri ili uone, na unachoona ni kitambaa. Upepo ulilinyanyua pazia kwa sekunde moja hivi. Niliona kokoto.

Jengo lenyewe hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 690, ya 62 ilikuwa 2013, na ijayo itakuwa 2033. Hapo katikati kuna pengo la zaidi ya miaka 120, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Pia zamu ya 1949 ilisogezwa hadi 1953 kwa sababu ya kushindwa vitani, ila daraja la Uji lilijengwa kwa wakati wake. Ndiyo maana hadi leo daraja linatangulia hekalu kwa miaka minne. Nguzo ni za mti wa hinoki, zimechimbiwa ardhini moja kwa moja bila jiwe la msingi, na paa ni la nyasi. Yeyote aliyewahi kuishi kwenye nyumba ya makuti anajua nguzo na paa la namna hiyo vinadumu muda gani. Kwa hiyo si kwamba hawakujua kujenga kitu cha kudumu. Hekalu la Horyuji la Nara, la mbao pia, limesimama zaidi ya miaka 1,300. Hapa Ise waliamua tofauti.

Kwanza wanaomba ruhusa mlimani. Safari hii ibada hiyo ilifanywa Mei 2025, miaka minane kabla. Miti ya mwanzo huangushwa kwa mashoka, na mti ukishalala, kilele chake hukatwa na kuchomekwa kwenye kisiki. Magogo huvutwa mjini na wakazi wenyewe, mamia kwa mamia wakiwa wameshika kamba ndefu na kuimba. Vyombo vya ndani navyo, zaidi ya 1,500, hutengenezwa vipya. Nguzo za zamani hazitupwi: nguzo kubwa zinazobeba mwamba wa paa huja kuwa malango ya daraja la Uji, na baada ya miaka mingine 20 huhamishiwa malango ya njia kuu za wasafiri. Na usiku wa kuhama taa zote huzimwa. Kami hubebwa akiwa amezungushiwa pazia la hariri nyeupe. Lakini kabla hajatoka, kuhani mmoja huwika kama jogoo, mara tatu, gizani.

Pembeni mwa hekalu kuna kiwanja cha pili, sawa kwa ukubwa, kitupu. Watu wengi hukipita. Kimetandazwa mawe tu, na katikati kuna kibanda kidogo sana, kama cha kuku, kinachofunika mahali ambapo nguzo ya katikati itasimama tena. Nilikaa pale kuliko mahali pengine popote. Mzee mmoja alisimama karibu yangu, akakiinamia kile kiwanja kitupu, akaenda zake.

Mwaka jana kaka yangu alianza kujenga Tanga, maeneo ya Pongwe. Nilifika asubuhi wakati fundi anaseti jengo: vigingi vimepigwa, kamba ya nailoni ya rangi ya chungwa imevutwa kona hadi kona, usawa wa goti. Kaka alikuwa amesimama ndani, sebuleni kwa mujibu wa mchoro, akaniita nimletee futi kamba. Nikaanza kuzunguka.

"Bosi, ruka tu," fundi akasema. "Hiyo ni kamba."

Nikamwuliza mlango wa mbele ataweka upande gani.